Nyimbo za gemu, muziki wa gemu au singeli: upange nini kwa ajili ya mazoezi?

Vijana wengi wa Dodoma wana hazina ya muziki waliyoipata bila kuitafuta. Hawajawahi kununua albamu ya roki ya Uingereza wala kusikiliza redio ya Los Angeles, lakini ukimpigia sekunde tano tu mtu aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation vya Majengo, Chang'ombe au Nkuhungu, atakwambia wimbo huo ni wa gemu gani na wa mwaka gani. Aliuokota akisubiri zamu ya pedi huku mwenye kibanda akiangalia saa.

Sasa mtu huyo ameamua kufanya mazoezi. Raba anazo, hedifoni anazo, lakini nyimbo zinamshinda kupanga. Aende na zile za gemu zilizomo kichwani? Aende na ule muziki mzito usio na maneno wa mapambano? Au aachane na vya watu achukue singeli?

Tuyatenganishe makapu yenyewe kwanza. Kapu la kwanza ni nyimbo za wasanii ambazo watengeneza gemu wamezilipia na kuziingiza ndani: za menyu ya FIFA (ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC), za redio za GTA (Grand Theft Auto), za Need for Speed na za Tony Hawk's Pro Skater. Kapu la pili ni muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu yenyewe, kama wa Koji Kondo kwenye Super Mario Bros., wa Yoko Shimomura kwenye Street Fighter II, au wa Mick Gordon kwenye Doom ya 2016. Kapu la tatu ni la nyumbani: singeli, Bongo Fleva, amapiano zinazopigwa kwenye kila bodaboda, na mchakamchaka wa shuleni.

Nina msimamo, na ni vyema niuseme mapema. Wimbo ulioupenda ukiwa umekaa na pedi mkononi si lazima ukufae ukiwa unatweta. Uliza kwanza ulitengenezwa ufanye kazi gani. Wimbo wa menyu kazi yake ni kukusahaulisha kwamba unasubiri. Muziki wa pambano kazi yake ni kukufanya usiache. Singeli kazi yake ni kuwasha kigodoro. Ukiijua kazi ya wimbo, utajua wapi pa kuuweka.

Tunapima nini

Nimetumia vigezo vitano: kasi, maneno, namna wimbo unavyoanza na kuisha, bando na upatikanaji, na masikio ya watu wengine. Uzuri wa wimbo sikuuweka, maana hapo kila mtu ana sikio lake na hakuna wa kumshinda mwenzake.

Kasi

Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi. Kiwango kinachotajwa sana kutokana na kazi yake ni mapigo 120 hadi 140 kwa dakika kwa mazoezi mengi ya kutoa jasho. Kupima ni rahisi: hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Pima na hatua zako vivyo hivyo. Wakimbiaji wengi wa kawaida wanaangukia kati ya hatua 150 na 180 kwa dakika, kwa hiyo hata wimbo wa mapigo 80 unaweza kukaa vizuri ukipiga hatua mbili kwa kila pigo.

Mwafrika Mashariki anayetajwa kila mara kwenye mada hii ni Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia. Februari 1998, mjini Birmingham, Uingereza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi huku wimbo wa Scatman John ukipigwa kwenye spika. Wimbo ule uko karibu na mapigo 136. Sisi wengine tutafika chini ya kilima cha Mlimwa pumzi imekata, lakini hesabu ya mapigo na miguu haibadiliki.

Kapu la kwanza kwenye kasi limechanganyika mno. "Song 2" ya Blur, iliyofungua FIFA: Road to World Cup 98, ina mapigo karibu 130, kwa hiyo inaangukia katikati kabisa ya kiwango. "Get Low" ya Lil Jon, ambayo kila aliyecheza Need for Speed: Underground ya 2003 anaijua, ina karibu 101. Kwenye gari la gemu inakupa mori, ila miguuni inakuvuta nyuma. Redio za GTA: San Andreas nazo kila moja ina mwendo wake. Bounce FM ni fanki, nzuri kwa kutembea haraka. Playback FM ni hiphop ya zamani. Radio X ni roki yenye hasira, ya kubebea vyuma. Usimeze kapu zima, chukua kituo kimoja kimoja.

Kapu la pili lina jambo ambalo makapu mengine hayana: ndani ya gemu, kasi inabadilika kulingana na hali yako. Kwenye Space Invaders ya 1978 kuna noti nne tu za besi zinazojirudia, na kadiri adui wanavyopungua ndivyo zinavyokimbia. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, muda ukishuka chini ya 100 muziki unaongeza mwendo na kiganja kinaanza kutoa jasho. Ni kocha anayekukemea bila kusema neno. Tatizo ni kwamba ukiupakua muziki huo kama albamu, kocha anabaki kwenye gemu. Unapata rekodi moja yenye mwendo mmoja, wala haijui kama umechoka.

Kapu la tatu linashangaza zaidi. Singeli, iliyozaliwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale na Manzese, inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Hakuna mguu wa kawaida unaoufuata mwendo huo pigo kwa pigo. Lakini gawa kwa mbili: singeli ya 300 inakupa hatua 150, na hapo unakimbia nayo raha mustarehe. Amapiano zinacheza karibu na 112, zinafaa kupasha misuli moto. Bongo Fleva nyingi za mapenzi ni za taratibu, ziache za kupoza mwili.

Mchakamchaka nao una kasi yake, na mimi nauona bora kuliko programu yoyote ya simu. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua: kiongozi anatoa sauti, wengine wanaitikia, mguu unapiga chini papo hapo. Akiona wadogo wanaachwa nyuma, anapunguza wimbo na kundi zima linapungua. Kwingine mguu ndio unaoutii wimbo.

Maneno

Hapa GTA ina kesi ya kujibu. Kituo chake cha Radio Los Santos kimejaa matusi, na kama unafanya mazoezi uani nyumbani kwa wazazi, mama mkwe akiwa anachambua mchicha, hilo utalijua mapema. FIFA ni gemu ya rika zote, kwa hiyo nyimbo zake zimechujwa. Tahadhari ni kwamba unapoutafuta wimbo huohuo mtandaoni unaweza kukutana na toleo la msanii mwenyewe, lenye kila kitu alichosema studio.

Kwa upande mwingine, lugha usiyoishika vizuri ina faida. Rapu ya Kiingereza inayokimbia, wengi wetu tunaisikia kama ngoma tu. Sauti ya mtu inakuwa chombo. Bongo Fleva tunaelewa kila neno. Uko kilomita ya nne, jamaa anaanza kueleza alivyoachwa, na akili yako imeshaondoka barabarani kwenda kwenye mambo yako. Kuna watu hilo ndilo linalowasaidia kusahau maumivu. Mimi hunipunguza mwendo.

Kapu la pili halina shida hii, isipokuwa mahali pamoja ambapo sisi Waswahili tunapigwa na butwaa. Gemu ya Civilization IV ya 2005 inafunguliwa na "Baba Yetu", wimbo wa Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kufika huko. Duniani watu wanaukimbilia wakijiona mashujaa bila kujua wanaomba riziki ya kila siku. Kwa mtu wa hapa, kupiga skwati na "utusamehe makosa yetu" ni jambo la kufikiria mara mbili. Mwishoni kabisa, wakati wa kunyoosha viungo, unakaa mahali pake.

Mwanzo na mwisho wa wimbo

Watu wengi hawakitazami kigezo hiki, na ndicho kinachoharibu orodha nyingi.

Wimbo wa kawaida wa msanii una dakika tatu au nne, na karibu kila mmoja una sehemu ambapo ngoma zinanyamaza ili mwimbaji abaki na kinanda. Ukiwa kwenye menyu unachagua kikosi, unyamavu huo hauusikii. Ukiwa chini ya vyuma, umebakiza mara tatu, ni kama mtu amezima umeme. Kapu la kwanza limejaa nyimbo za namna hii. Unaweza kuligeuza hilo liwe faida: pale ngoma zinaponyamaza, pumzika; zinaporudi, rudi. "Song 2" ina dakika 2 na sekunde 2 tu, na imegawanyika wazi kati ya sehemu tulivu na sehemu ya kulipuka. Hilo ni zoezi kamili la kukimbia kwa vipindi, hata saa huhitaji.

Muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu una tabia tofauti kwa sababu mtunzi hajui utakaa kwenye hatua ile kwa muda gani. Unaweza kupita kwa dakika moja, unaweza kufia hapohapo nusu saa. Kwa hiyo anaandika kipande kinachozunguka na kujiunga chenyewe bila mshono kuonekana. Doom ya 2016 ilikwenda mbali zaidi: muziki wa Mick Gordon umekatwa vipande vinavyopandishwa na kushushwa kadiri pambano linavyowaka. Kwa zoezi refu la mwendo mmoja, baiskeli ya jimu kwa mfano, muziki wa kuzunguka hauna mpinzani. Ila kwenye albamu vipande hivyo vimeungwa kuwa nyimbo ndefu, baadhi zikianza kwa minong'ono na miungurumo kabla ngoma haijaingia. Anzisha wimbo mbele kidogo, la sivyo utasimama pale na dambeli mkononi ukisubiri.

Singeli haina subira. Inaingia na kwenda. Miksi za madijei zinaweza kuchukua dakika nyingi bila pumziko, na hilo ni zuri kwa anayeruka kamba na baya kwa anayesahau kupumzika.

Kuna jambo moja zaidi la kupanga. Utafiti wa muziki na mazoezi unaonyesha kwamba muziki hupunguza hisia ya uchovu zaidi kwenye mazoezi mepesi na ya wastani. Ukifika ukingoni mwa uwezo wako, mwili unapiga kelele kuliko wimbo, ingawa muziki bado unasaidia moyo usivunjike. Maana yake, nyimbo zako kali usizilundike zote kwenye mita mia za mwisho. Ziweke katikati, pale ambapo watu wengi hukata tamaa.

Bando na upatikanaji

Hesabu ni hizi. Muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa. Wa kilobiti 160 unakula MB 72. Ukiusikilizia kwenye video, matumizi yanaongezeka mara kadhaa kwa picha ambazo huzitazami, maana simu iko mfukoni. Pakua ukiwa kwenye waifai ya ofisi au chuo, kisha zima data.

Nyimbo za kapu la kwanza ni rahisi kuzinasa. FIFA inakuandikia jina la msanii na wimbo pembeni mwa kioo, na Shazam inatambua nyingi ya zilizobaki. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021, Boomplay na Audiomack nazo zipo. Usitegemee gemu yenyewe kama ghala, kwa sababu leseni za nyimbo huisha. Mwaka 2014 nyimbo kadhaa ziliondolewa kwenye toleo la GTA: San Andreas linalouzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, na 2017 gemu ya Alan Wake iliondolewa sokoni kwa muda kwa sababu hiyohiyo. Andika majina.

Kapu la pili lina albamu rasmi, ila ukitafuta kienyeji utakutana na rekodi zilizopandishwa na mashabiki, zinazoweza kufutwa siku yoyote, nyingine zikiwa na majina ya Kijapani yasiyokusaidia kitu. Kapu la tatu halihitaji maelezo. Ukikosa wimbo wa singeli, muulize dereva bajaji.

Masikio ya wengine

Kwenye jimu ya mtaani, ile ya vyuma vya zege kwenye makopo ya rangi, spika ni moja na watu ni kumi. Muziki wa Doom utakuachia nafasi kubwa, kwa sababu wenzako watatoka nje. Singeli inapendwa na vijana na kuchukiwa na mwalimu mstaafu aliyekuja kupunguza sukari. Nyimbo za FIFA ndizo zinazoleta ugomvi mdogo zaidi. Zimechaguliwa zisimkere mtu wa nchi yoyote.

Barabarani kuna suala la uhai. Kati ya Juni na Septemba upepo wa Dodoma unavuma na vumbi lake, na mtu anaongeza sauti ya hedifoni ili kuushinda. Hapo anaumiza masikio na hasikii bodaboda inayomjia nyuma. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Barabara ya kwenda Mtumba alfajiri, yenye malori, inahitaji sikio moja liwe wazi. Muziki wenye ngoma inayosikika wazi hata kwa sauti ndogo, kama singeli na fanki, unafaa huko kuliko ule wenye matabaka mengi kama wa kapu la pili, ambao ukipunguza sauti unabaki mlio wa nyuki.

Kulingana na hali yako

Mtumishi anayekimbia barabarani kabla ya kazi: kapu la kwanza lililochujwa kwa kuhesabu mapigo, nyimbo za 120 hadi 140 au za 75 hadi 90, sikio moja wazi. Sehemu ya kurudi, jua likianza kuuma, ongeza singeli mbili au tatu na uhesabu nusu.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayepanda na kushuka vilima vya chuo: mwendo haulingani, kwa hiyo wimbo wa kasi moja utamchosha kwenye mwinuko. Amapiano wakati wa kupanda, singeli kwenye tambarare. Wakati wa kushuka azime kabisa aangalie mawe.

Anayebeba vyuma peke yake na hedifoni masikioni: kapu la pili, bila kusita. Achague vipande vya mapambano, aruke dakika za utangulizi, na wakati wa kupumzika asiguse simu. Kama hapendi muziki usio na mtu anayeimba, Radio X inamtosha.

Anayeruka kamba au kupiga pushapu chumbani: singeli, kwa vipindi vya sekunde 30 na mapumziko ya sekunde 30. Asiporidhika, ajaribu "Song 2" mara tatu mfululizo, halafu atuambie.

Mama au baba aliyeambiwa na daktari atembee: fanki ya Bounce FM, amapiano, au dansi la zamani la Bongo. Muziki wa pambano hauna sababu hapa, utampandisha mapigo ya moyo kabla miguu haijaanza kazi.

Wa kunyoosha viungo, awe nani: tulia. Bongo Fleva ya taratibu inatosha. Kwa ladha ya hapahapa kuna zeze na ilimba za Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003 na ambaye rekodi zake zilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Ngoma ya muheme ya Wagogo, kwa upande wake, msiihesabie hatua. Mapigo yake yanapishana na mguu usiozoea utajikwaa.

Na mkiwa kundi, jogingi ya Jumamosi asubuhi kuelekea Uwanja wa Jamhuri, zimeni simu zote. Tafuteni mwenye sauti, aanzishe mchakamchaka, na atakayechoka wa kwanza ndiye awapangie mwendo.